Jina la Msomaji Si Mali ya Mhariri

Kila jarida dogo lina maandishi ya aina mbili. Ya kwanza ni haya unayoyasoma wewe: hadithi, mashairi, makala na barua. Ya pili huyaoni. Yamo ndani ya daftari, au ndani ya simu ya mtu, na ni majina matupu: fulani bin fulani, namba yake, sanduku lake la posta, amelipa au hajalipa. Ukimwuliza mhariri kazi yake ni ipi, atakuonyesha hayo ya kwanza. Mimi nasema uadilifu wake unapimwa kwa hayo ya pili. Hasa kama wasomaji wake ni watu ambao kujulikana tu kwamba wanasoma kunaweza kuwapotezea kazi, nyumba, hata maisha.

Nitaeleza kwa nini nasema hivyo. Mimi niliishia kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Mtu wa namna yangu hana mhadhiri, kwa hiyo hujifunza kwa kufukuafukua maisha ya waandishi. Ndivyo nilivyomfikia Lorraine Hansberry, yule Mmarekani mweusi aliyeandika tamthilia ya A Raisin in the Sun. Ilipopanda jukwaani mwaka 1959, akawa mwanamke mweusi wa kwanza mchezo wake kuonyeshwa Broadway, kule New York. Nilikuwa natafuta tu alianzaje kuandika. Nikakuta kwamba mwaka 1957, kabla dunia haijamjua, aliandika barua kwa kijarida kidogo cha wanawake wanaopenda wanawake. Barua zikachapishwa bila jina. Mojawapo chini yake palikuwa na herufi tatu tu: L.H.N. Ile N ni ya Nemiroff, jina la mumewe.

Nilisimama hapo. Nikajiuliza: ni nani aliyeifungua bahasha ile, akaijua saini, akaitoa barua gazetini na jina akalimeza? Miaka miwili baadaye Hansberry alikuwa mtu mashuhuri. Kijarida maskini kinachohangaikia stempu kingeweza kupiga kelele: tazameni nani anatusoma! Hakikufanya hivyo. Hansberry akafariki mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 34, na siri ile ikajulikana kwa watu miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Kijarida chenyewe kiliitwa The Ladder, yaani Ngazi. Kilitolewa San Francisco na kikundi kilichoitwa Daughters of Bilitis, kilichoanza mwaka 1955 na wanawake wanane. Jina la Bilitis lilitoka katika kitabu cha mashairi cha Kifaransa, na lilichaguliwa makusudi ili mpita njia asielewe kitu. Adhani ni akina mama wa ushairi tu. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 1956, kurasa chache zilizopigwa kwa mashine ya stensili, zile mashine ambazo shule zetu zilichapia mitihani. Nakala zilikuwa kama 175. Hebu fikiri: nakala 175! Ni kama hili letu.

Sasa uielewe hali ya wakati ule. Mwaka 1953 Rais Eisenhower alitia saini amri iliyowafungia wapenzi wa jinsia moja milango ya kazi za serikali. Polisi walivamia mabaa, na magazeti yakachapa majina ya waliokamatwa. Shirika la upelelezi, FBI, lilifungua faili juu ya kikundi hicho. Mwanamke akiletewa The Ladder kwa posta, jina lake lilikuwa sasa limeandikwa mahali fulani, mkononi mwa mtu asiyemjua. Ndiyo maana wengi walitamani kusoma lakini wakaogopa kujiandikisha.

Mhariri akalijibu suala hilo kwenye toleo la pili, Novemba 1956. Aliandika makala kuwahakikishia wasomaji kwamba majina yao yako salama. Wala hakuapa kwa Mungu tu, alitoa sheria. Alitaja kesi ya bwana mmoja, Edward Rumely, aliyekataa kuiambia kamati ya Bunge la Marekani majina ya watu walionunua kwa wingi vitabu vya siasa vya shirika lake. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1953 Rumely akashinda. Rumely huyo hakuwa na habari na akina mama wa San Francisco. Lakini mlango uliofunguliwa na mmoja hupitiwa na wengi.

Hapa pana kitu kilichonifurahisha. Makala hiyo ilitiwa jina la Ann Ferguson, na Ann Ferguson hakuwako duniani. Mhariri wa kweli alikuwa Phyllis Lyon. Yaani aliyewaambia wenzake wasiogope naye alikuwa amejificha nyuma ya pazia! Nadhani jambo lile lilimkera, kwa sababu katika toleo la Januari 1957 alitangaza kwa mzaha kwamba Ann Ferguson amekufa, na kwamba yeye ndiye aliyemuua. Kuanzia hapo akatumia jina lake halisi.

Jina la nani alilifunua? La kwake. Ya wasomaji hakuyagusa. Somo lote la uhariri naliona hapo: ujasiri ni wa mwenyewe, haugawiwi kwa niaba ya mwingine. Siku hizi nasikia wenzetu wakisema eti kujificha ni woga, kila mtu angejitokeza mambo yangekwisha. Sawa, jitokeze wewe. Lakini jirani yako ana mama mgonjwa anayemtegemea, ana mwenye nyumba, ana shule anayofundisha. Hesabu yake huijui wewe.

Lakini nisikupambie. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa miaka kumi na minne The Ladder kilijilinda dhidi ya polisi na posta, na pigo la daftari likatokea ndani ya nyumba. Mwaka 1970 wasomaji walikuwa wamefika kama 3,800, na kikundi kilikuwa kimegawanyika. Rita Laporte, aliyekuwa rais wa kikundi, akishirikiana na mhariri Barbara Grier, aliichukua orodha ya anwani San Francisco akaihamishia Nevada bila ridhaa ya wenzake. Jarida likang'olewa kutoka mikononi mwa kikundi. Waasisi wakaita wizi. Waliochukua wakasema wanaliokoa jarida lisife pamoja na ugomvi. Halafu mwaka 1972 likafa vilevile, kwa kukosa fedha.

Nimewaza sana juu ya jambo hili, kwa maana si rahisi kama linavyoonekana. Hawakuyapeleka majina yale polisi. Walilipenda jarida kweli. Grier alikuwa ameliandikia miaka mingi kwa jina la kubuni la Gene Damon, kwa hiyo utamu wa kufichiwa jina aliujua. Msomaji wa kijijini huenda hakuona tofauti yoyote. Bahasha ya kaki ilifika kama kawaida. Sasa kosa liko wapi? Liko hapa: yule mwanamke alilikabidhi jina lake kwa watu fulani, kwa kazi fulani. Akalala, akaamka, jina liko kwa watu wengine katika jimbo jingine, na hakuna aliyemuuliza. Pande zote mbili ziligombania orodha kama watu wanaogombania shamba la urithi. Wenye majina 3,800 hawakuitwa kwenye kikao.

Usifikiri hayo ni mambo ya kale. Kulikuwa na jarida jingine hukohuko San Francisco, XY, lililoanza mwaka 1996 kwa ajili ya vijana wa kiume wanaopenda wanaume. Wasomaji wake wengi walikuwa bado watoto wa nyumbani, wazazi hawajui kitu. Jarida liliwaahidi kwamba habari zao hazitapewa mtu yeyote. Mambo yakaharibika, mwenye jarida akafilisika, na mwaka 2010 ikaanza kesi ya mali. Waliokuwa wakimdai wakataka na ile orodha, kwani kwenye biashara orodha ya watu ni mali kama meza na viti. Tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikaandika barua ya kuonya kwamba kuitoa ni kuvunja ahadi. Mwisho wake orodha ikaharibiwa isimfikie mtu. Ninachokipata hapo ni kwamba jarida linaweza kufa, lakini ahadi yake haifi.

Na huku kwetu Afrika Mashariki tumeona jarida likifanya kinyume kabisa. Oktoba 2010, Kampala, gazeti moja dogo lililojiita Rolling Stone (halihusiani na lile la muziki la Marekani) lilichapa picha na majina ya watu liliodai ni mashoga, pamoja na maneno ya kutaka wanyongwe. Watatu miongoni mwao, Kasha Jacqueline, David Kato na Pepe Onziema, wakaenda Mahakama Kuu. Wakashinda: mahakama ikasema haki yao ya faragha na utu imevunjwa, na ikaamuru kila mmoja alipwe shilingi 1,500,000 za Uganda. Tarehe 26 Januari 2011, wiki chache tu baada ya hukumu, David Kato akauawa nyumbani kwake. Polisi walisema mauaji hayo hayakutokana na gazeti, na mtu mmoja akahukumiwa kifungo. Mimi si hakimu. Ninachojua ni kwamba jina likishachapwa, mahakama inaweza kulilipia fidia, lakini haiwezi kulirudisha bahashani.

Kasha mwenyewe hakukaa kimya. Desemba 2014 yeye na wenzake walitoa jarida lao, Bombastic, ambamo makuchu wa Uganda walijieleza wenyewe, wengine kwa majina halisi, wengine kwa ya kubuni, kila mtu kwa kipimo chake. Walichapa nakala 15,000 zikagawiwa bure na watu wa kujitolea. Nimeipenda akili hiyo. Anayewekewa jarida mkononi haachi jina nyuma. Hakuna daftari, kwa hiyo hakuna cha kuiba.

Lakini bure hugharamiwa na nani? Hapo ndipo shida yetu sisi wa majarida madogo. Bila orodha hupati hela ya karatasi. Ukiwa na orodha umebeba roho za watu. Na siku hizi ni mbaya zaidi, maana msomaji akikutumia pesa kwa simu, jina lake linakuja pamoja na pesa, hata kama hukumwuliza.

Nasema hivi kwa sababu daftari la jarida letu hapa Mombasa ninalo mimi. Mwaka jana tulichapa hadithi ya mafundi wawili wa cherehani, wasichana, wanaopendana. Mwandishi alijiita T.M. Haikupita mwezi, akaja mzee mmoja wa heshima zake, akaketi, akaagiza soda akatununulia na sisi.

"Binti yangu," akasema, "mimi ni kama baba yako. Huyu T.M. ni mtoto wa nani?"

"Mzee wangu, nisamehe. Siwezi kusema."

"Sina nia mbaya. Nataka kumsaidia. Na nasikia mna deni kwa mchapaji. Deni hilo mimi nalimaliza leo."

Kweli tulikuwa na deni, tena si dogo. Nilimtazama, nikamwambia, "Mzee, lile jina si langu. Kama lingekuwa langu, ningekupa."

Aliondoka bila kuimaliza soda yake. Toleo lililofuata lilichelewa miezi mitatu, na baadhi yenu mlilalamika, mkatuita wavivu. Sasa mmejua.

Baadaye nilisoma kwamba hapa Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayohesabu mwelekeo wa kimapenzi wa mtu kuwa habari nyeti za kulindwa. Mwaka huohuo, mwezi Mei, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya sheria ya jinai vinavyowatia hatiani watu haohao. Yaani mkono mmoja unaficha, mwingine unafunua. Kwa hiyo mhariri asingoje sheria imfundishe.

Sisi tumekubaliana mambo machache. Hatuandiki tusichokihitaji: anayechukua jarida kwa mkono hatumwulizi jina. Mwaka ukiisha, kurasa za waliomaliza kulipiwa zinachomwa moto, na watu wawili wanashuhudia. Barua inachapwa kwa saini aliyoichagua mwandishi, hata kama ni nukta tu. Na siku jarida hili likifa, kwa maana majarida madogo hufa, daftari halirithiwi na mtu. Anayetaka kuanzisha lake aanze kutafuta wasomaji wake mwenyewe.

Wapo watakaosema tunajipa umuhimu, wasomaji wenyewe hawafiki mia mbili. Ni kweli. The Ladder nao walianza na 175, na mmoja wa waliowaandikia mwaka ule wa kwanza alikuwa Hansberry. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe T.M., kama unasoma hapa, tuletee hadithi nyingine. Tia saini yoyote uipendayo.