Land Rover na Peugeot katika Nyanda za Ufipa

Watu wa pwani hukiita chombo kila kibebacho, kiwe jahazi au gari. Neno hilo lafaa kutangulizwa, kwani magari mawili ya Ulaya yatajwayo hapa yalijipatia heshima kwa kubeba kabla ya kupendwa kwa umbo.

Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limesanifiwa na Pininfarina wa Italia. Ni gari la mistari myembamba, injini yake imelazwa ubavu ili boneti ishuke. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulipatikana mikononi mwa Bert Shankland, dereva wa Tanzania. Mwaka 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho.

Land Rover ilizaliwa Uingereza mwaka 1948, chuma kikiwa adimu baada ya vita, ndipo bodi yake ikafanywa ya alumini. Haina urembo: bapa juu ya bapa, zimefungwa kwa bolti juu ya chasisi. Magurudumu yake yote manne huweza kuvuta.

Katika nyanda za Ufipa, barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ya udongo hadi ilipowekwa lami katika miaka ya 2010. Kiangazi, 404 hupita juu ya makorongo kwa upole usiomchosha abiria. Mvua zinapoanza Novemba, magurudumu mawili ya nyuma hayatoshi. Kwenye utelezi, na kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa uelekeao bonde la Ziwa Rukwa, Land Rover ndiyo iaminikayo.

Tofauti iliyo kubwa zaidi huonekana uzeeni. Bodi ya 404 ndiyo mifupa yake. Kutu ikishaila chini ya milango, gari zima limedhoofika. Ni kama shairi: ukiung'oa mshororo mmoja, ubeti umeharibika. Land Rover ni kama jahazi: ubao ukioza hung'olewa, ukatiwa mwingine, na safari ikaendelea.

Wakusanyaji wa magari ya kale hutaka kila kitu kiwe cha awali, na namba ya injini ilingane na ya karatasi. Kwa kipimo hicho, gari lililotiwa injini ya jingine na springi za kuungaunga halina thamani. Lakini Wafipa wa kale waliyeyusha chuma katika tanuri refu la udongo, kisha wakakisafisha katika tanuri dogo, ndipo kikawa jembe. Kwao chuma hakikustahiwa kwa kubaki kama kilivyotoka ardhini, bali kwa kazi iliyopita juu yake.

Basi anayetaka uzuri uliokamilika na aihifadhi 404 mapema, kabla ya kutu. Anayetaka historia ya watu na aitafute Land Rover yenye viraka, na aandike kila kiraka: kilitiwa lini, kwa sababu gani. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayo mizani moja tu, nayo haipimi safari.