Nyamagana: Jimbo lililobwaga mawaziri

Ukifika Mwanza mara ya kwanza, macho yote yanakwenda kwenye mawe. Mawe ziwani, mawe mlimani, nyumba zimekaa juu ya mawe utadhani zimegandishwa kwa gundi. Lile maarufu zaidi, Jiwe la Bismarck, liko pale ufukweni na kila mgeni hupiga nalo picha. Haya, piga yako. Ila hapa kuna watu wagumu kuliko mawe: wapiga kura.

Hapo uliposimama ni jimbo la Nyamagana. Panda daladala ulione. Ukishika njia ya Shinyanga unapita Mkuyuni, Butimba kwenye gereza na chuo cha ualimu, Nyegezi kwa wanafunzi wa SAUT, hadi Buhongwa. Ukishika ya Musoma, unapita Mabatini, unafika Igoma. Mvuvi, machinga, msomi na mama lishe, kila mmoja kura yake ni moja tu.

Vigogo wameonja joto la kura hizo. Mwaka 1965 Paul Bomani hakuwa mtu mdogo Kanda ya Ziwa. Ndiye aliyewaunganisha wakulima wa pamba, shirikisho la ushirika la Victoria likazaliwa mwaka 1955, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Fedha. Uchaguzi wa Septemba 1965 ulikuwa wa chama kimoja: wagombea wawili, wote TANU, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Ungedhani waziri anapita kiulaini. Wapi! Watu wa jimbo lake la Mwanza wakampiga chini. Ikabidi Mwalimu Nyerere amrudishe bungeni kwa kumteua. Baadaye Bomani alikwenda Marekani kuwa balozi.

Majina na mipaka ya majimbo ikabadilika, vyama vingi vikaja, lakini tabia haikubadilika. Oktoba 31, 2010, Lawrence Masha wa CCM alikuwa mbunge wa Nyamagana na Waziri wa Mambo ya Ndani, bosi wa polisi nchi nzima. Akabwagwa na kijana wa CHADEMA, Ezekia Wenje. Siku hiyohiyo majirani zao wa Ilemela wakamwangusha Anthony Diallo, aliyewahi kuwa waziri, wakampa Highness Kiwia, naye wa CHADEMA.

Lakini usifikiri Mwanza ilifunga ndoa na upinzani. Mwaka 2015 Wenje akaonja dawa ileile: Stanslaus Mabula wa CCM, aliyekuwa meya wa jiji, akachukua jimbo, na akalitetea mwaka 2020. Masha naye alihamia CHADEMA mwaka 2015, akarudi CCM mwaka 2017. Siasa hizo, jamani!

Oktoba 29, 2025 mambo yalikuwa mengine. CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura. Tume ilishaiengua mwezi Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Chenyewe chama kilidai mfumo wa uchaguzi urekebishwe kwanza. Mpiga kura wa Igoma aliyezoea kupima chama hiki na kile akakuta mmoja wa wapinzani wakubwa hayupo mizani.

Kwa hiyo ukipita Mwanza, usiishie kuuliza bei ya sato. Ukimpata mzee wa siku nyingi, muulize habari za jembe na nyumba. Atakwambia jimbo zuri ni lile ambalo mheshimiwa analala jicho moja wazi.