Daktari Aliyevaa Sare

Yuko ndege wa nyasi katika nyanda zetu za juu, mwenye koo na kifua cha manjano kilichozungushiwa mkufu mweusi, ambaye katika vitabu vya wataalamu ana jina la daktari wa jeshi. Samaki mmoja wa Ziwa Nyasa ana jina hilo hilo, na vivyo hivyo mnyoo mmoja aishiye matumboni mwa nyani na binadamu. Daktari mwenyewe ni Friedrich Fülleborn, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1866.

Alifika Afrika Mashariki mwaka 1896, akiwa daktari katika jeshi la kikoloni la Wajerumani. Hadi mwaka 1900 alikuwa amekwisha kutembea Uhehe, Unyakyusa, milima ya Ukinga na mwambao wa Nyasa. Aliporudi kwao aliingia katika taasisi ya magonjwa ya nchi za joto mjini Hamburg. Mwaka 1908 aliongoza msafara wa kisayansi uliokwenda visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na mwaka 1930 akawa mkurugenzi wa taasisi ile. Alifariki mwaka 1933. Kazi yake kubwa ilikuwa juu ya minyoo. Ni miongoni mwa waliobainisha kwamba baadhi ya minyoo, baada ya kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, hupita mapafuni kabla ya kufika tumboni. Elimu hiyo imewafaa watoto wa vijiji vingi, wakiwamo wa kwetu, na haki ya mtu tumpe mwenyewe.

Lakini mkono ule ule ulioshika darubini ulishika pia kipimo cha vichwa vya watu. Uhehe ya siku zile ilikuwa nchi ya vita. Mtwa Mkwawa, aliyekivunja kikosi cha Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, aliwindwa porini mpaka alipojiua tarehe 19 Julai 1898. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kirudishwe, na hata hivyo hakikufika Kalenga hadi mwaka 1954. Katika miaka hiyo ya vita Fülleborn aliwapima wenyeji, akawapiga picha, akakusanya mafuvu. Mwaka 1902 alitoa maandishi juu ya maumbile ya watu wa kaskazini ya Nyasa, na mwaka 1906 kitabu kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma. Kitabu hicho ni hazina kwa yeyote atakaye kuona jinsi babu zetu walivyojenga na kuvaa. Hata hivyo, ndugu msomaji, fuvu halijipeleki lenyewe sandukuni. Lilikuwa la baba au mama wa mtu.

Habari hizi nilizikumbuka nilipokuwa Ilomba, nyumbani kwa dada yangu, si mbali na barabara kuu iendayo Zambia. Mwanawe amemaliza kidato cha sita akichukua fizikia, kemia na baiolojia, na anataka kuwa daktari wa jeshi. Mama yake hataki hata kulisikia neno hilo. "Jeshi ni la bunduki," alisema, "na udaktari ni wa kuponya. Mtu hawezi kula viapo viwili." Kijana akanigeukia: "Mjomba, wewe ni mtu wa magazeti, mweleze mama." Sikumweleza upesi, kwa sababu hofu ya dada yangu haikuwa ya kipuuzi. Mtu kama Fülleborn ndiye aliyeithibitisha.

Nilipofikiri zaidi niliona kwamba kosa halikuwa katika sare. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864 ulikuwa umekwisha kuagiza kwamba askari majeruhi atibiwe bila kujali ni wa upande gani. Sheria ilikuwapo, na Wajerumani waliijua kabla ya kuja kwetu. Ila wakoloni hawakuihesabu kuwa inawahusu watu waliopigana nao Afrika. Mjini Iringa lipo jengo la Boma, ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho. Wajerumani walilijenga liwe hospitali ya jeshi lao. Humo askari wao aliyeugua alikuwa mgonjwa. Mhehe aliyeanguka upande wa pili aliweza kuwa kielelezo cha kupimwa.

Matokeo yake hayajakwisha. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. 202 kati yake waliyahusisha na Tanzania. Kwa vipimo vya vinasaba, mafuvu matatu yalipatiwa ndugu walio hai. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi mjini Songea kwa waliyotendewa wazee wetu. Mafuvu matatu yamepata jamaa. Hayo mengine yalipewa namba, na majina ya wenyewe hayakuandikwa.

Basi nilimwambia dada yangu kwamba mwanawe hatavaa sare ile. Kambi ya Dar es Salaam iliyoitwa Colito enzi za Waingereza, na ambayo maasi ya Januari 1964 yalianzia humo, ilibadilishwa jina ikaitwa Lugalo, kwa ukumbusho wa ushindi wa Wahehe. Hospitali kuu ya jeshi letu ina jina hilo hilo, na raia hutibiwa humo pamoja na askari. Hata hapa Mbeya, wananchi hutibiwa katika hospitali ya jeshi ya Mbalizi.

Dada yangu hakukubali siku ile, wala hakukataa tena. Alimwuliza mwanawe swali moja tu: akiletewa majeruhi wa adui, ataanza na nini? Kijana alifikiri, kisha akajibu kwamba ataanza kwa kumwuliza jina lake, aliandike katika cheti.