Enda Ushago Julai, Wacha Disemba

Niseme mapema ndio tusipotezeane wakati: Julai ni winta ya Kenya, na sitaki mtu wa Mombasa anibishie. Najua hatuna theluji. Najua ikweta imetupitia katikati. Lakini kama umewahi kuoga maji baridi Nairobi saa kumi na moja asubuhi mwezi huo, unajua kuna mahali mwili hufika ukakataa kuwa wako. Kusini mwa dunia wakiwa kwa baridi yao, upepo wa huko unatusukumia mawingu, yanakaa juu yetu kama blanketi limeloa, na jua linatoka saa nane kusalimia watu kidogo kisha linaenda zake.

Sasa chukua hiyo baridi uipandishe mlima. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Kwetu Kinangop, kaunti ya Nyandarua, ni zaidi ya mita 2,400. Huko ndiko nilienda Julai nikiwa na mavin moja, hudi mbili, na shilingi 1,340 kwa simu.

Kila mtu niliyemwambia aliuliza swali moja: "Kuna matanga?"

Naelewa. Julai hakuna mtu huenda ushago bila sababu. Ushago ni Disemba. Na Disemba, tuongee ukweli wasee, hatuendi kuona watu, tunaenda kuonekana. Kuna yule wa gari la kukodisha anasema ni lake. Kuna yule wa viatu vyeupe kwa matope. Kuna mimi, mtu wa kamera, ninayepiga vidio ya mbuzi akichinjwa halafu naandika "nyumbani ni nyumbani" na tarehe mbili Januari nimeshatoroka. Hiyo ni Disemba ya mtu aliye na pesa. Ukiwa umesota, unatunga sababu. Mimi nilitunga sababu Disemba tatu mfululizo. Nilisema nina kazi. Nauli ningepata, si uongo. Sura ndiyo sikuwa nayo.

Kwa hivyo Julai. Hakuna mtu anakungoja, hakuna mtu atauliza umeleta nini.

Nilipanda gari Nyamakima. Hakuna kujaza haraka kama Disemba, tulikaa hapo karibu saa nzima tukinunuliwa na baridi, konda akipiga mlango kofi kama anatuamsha. Ukipita Limuru unaanza kufunga dirisha. Ukifika msitu wa Kinale ukungu umeshuka hadi kwa lami, dereva amewasha taa mchana. Soko Mjinga kina mama wamejifunga leso juu ya koti juu ya sweta, kabeji zimepangwa kama mawe ya ujenzi. Fly Over unakunja kuelekea Njabini, na hapo simu yangu ilianza kupoteza mtandao. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni kama kukatwa stima hospitalini. Baada ya dakika kumi nilishangaa kwamba bado napumua.

Shosho hakujua nakuja. Nilimpata jikoni akichochea moto, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Mume wangu, umekonda."

Nieleze kwa wasio wa kwetu: mimi nimepewa jina la guka, baba yake baba, vile desturi inasema. Kwa hivyo kwa shosho mimi ni mume wake. Guka alishaenda, lakini kila nikiingia kwa hiyo nyumba kuna mtu amerudi. Huyu ndiye mwanamke niliyemkwepa miaka mitatu kwa sababu sikuwa na kilo mbili za sukari. Nilikuwa nimebeba mkate na majani chai. Alivichukua bila kuviangalia, akaniuliza kama nimekula.

Hiyo ndiyo familia. Sasa nifike kwa ile sehemu ngumu.

Nina rafiki tulianza naye darasa la kwanza. Jina lake nitaliacha, lakini sisi tulimuita Waru, yaani kiazi, kwa sababu mamake alikuwa anamfungia viazi vya kuchemsha kwa mkebe kila siku ya Mungu. Na mamake alikuwa na tabia moja: akifunga vya mtoto wake, anafunga vingine vya mtu wa kando. Mtu wa kando nilikuwa mimi. Miaka minane nimekula viazi vya yule mama. Darasa la saba nikiwa na viatu vimetoboka, yeye ndiye alivipeleka kwa fundi na hakusema kwa mtu.

Alifariki miaka miwili iliyopita, mwezi wa Aprili. Wakafungua kikundi cha mchango kwa simu, wakaniongeza. Nilituma shilingi 500, nikaandika "pole sana ndugu yangu" na zile mikono mbili za kuomba. Sikwenda. Nilisema nina kazi ya kupiga picha Thika. Kazi ilikuwako kweli, ilikuwa ya saa tatu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu kufika na 500 mahali watu wangetaja majina na pesa zao mbele ya kipaza sauti. Wiki hiyo hiyo, na hii nitaiandika kwa sababu vidio bado iko, nilitoa maoni kuhusu marafiki wa kweli. Ilitazamwa sana.

Siku ya pili nikatafuta gambuti za guka nikaenda kwake. Nilimpata akichimba viazi kwa shamba la juu na vijana wawili. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima. Aliniangalia, akacheka kidogo, akanirushia jembe.

"Mnakunywa maji yetu huko Nairobi na hamtusalimii," akasema.

Ana haki. Bwawa la Sasumua liko pale karibu na Njabini, na sehemu ya maji ya Nairobi inatoka hapo. Ni mzaha wa huko, lakini siku hiyo ulinipata mahali.

Tulichimba mpaka saa kumi. Kama hujawahi kuchimba viazi kwa udongo wa Julai, jua kwamba vidole vinakufa kwanza, halafu vinafufuka vikiuma. Nilijifunza vitu ambavyo ningepaswa kuvijua, mtoto wa Kinangop mzima. Viazi vinavyopandwa sana huko ni Shangi. Chipsi nyingi unazokula tao zinaanza hivyo. Vinakua haraka, vinaiva haraka kwa sufuria, lakini vina shida moja: havikai. Wiki chache baada ya kuchimbwa vinaanza kuota. Mkulima hawezi kuviweka stoo angoje bei nzuri, na broka anajua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 50. Nikaona gunia limeshonewa wavu juu, limesimama refu kama mtu, nikauliza kuhusu hiyo sheria. Waru akasema, "Sheria iko Nairobi. Gunia liko hapa."

Jioni tukirudi akasimama ghafla akaangalia juu. Mawingu yalikuwa yametawanyika, mara ya kwanza tangu nifike. Nyota zilikuwa nyingi hadi nikatoa simu nipige picha. Yeye hakufurahi.

"Leo si poa," akasema. "Afadhali mawingu."

Sikuelewa, akanieleza tukitembea. Mawingu ni blanketi. Usiku wa mawingu, joto la ardhini linabaki chini. Anga likiwa wazi joto lote linapanda linapotea, na hewa baridi kwa kuwa ni nzito inateremka kama maji hadi kwa mabonde. Alfajiri unapata jalidi, ile barafu nyembamba nyeupe juu ya majani. Na shamba lake la pili, nusu ekari ya kukodisha, liko bondeni kando ya mto. Alilipata kwa bei rahisi na sasa mimi pia nilijua kwa nini ilikuwa rahisi. Huko chini alikuwa amechelewa kupanda hadi Mei kwa kukosa pesa ya mbegu, kwa hivyo viazi vilikuwa bado.

Mimi nilikuwa nimeshaipiga ile picha ya nyota. Nilikuwa hata nimefikiria maneno ya kuweka chini yake.

Usiku huo nikalala na mambo mawili kichwani, halafu nikagundua kichwa chenyewe kinaniuma vibaya. Shosho alikuwa ameleta jiko la makaa chumbani, akafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Kwa upendo kabisa. Nikaamka nikitaka kutapika, nikalitoa nje, nikafungua kila kitu. Wacha nisimame hapa kidogo kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii kwa bedsita yake na jiko liko chini ya miguu: makaa yakiwaka mahali pamefungwa yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Inaingia kwa damu mahali oksijeni ingekaa, unasikia tu usingizi na kichwa, halafu husikii tena. Kila msimu wa baridi kuna watu Kenya wanalala hivyo na hawaamki. Shosho aliniambia amefanya hivyo miaka yote. Tukabishana saa nane usiku, mimi na mke wangu, yeye akiwa amejifunga blanketi kama chifu. Hakukubali.

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa kwa Waru. Alikuwa ameshatoka, nikamfuata bondeni.

Kulikuwa kweupe. Ningekuwa na bando ningesema kunapendeza, na kwa kweli kulipendeza. Tulisimama tu. Jua lilipogusa majani, weupe ukayeyuka, na majani yakaanza kulegea mbele yetu kama sukuma wiki iliyoingia maji ya moto. Aliniambia kufikia kesho yake yangekuwa meusi. Viazi chini vitaacha kukua. Alichimba shina moja akanionyesha: vya ukubwa wa ndimu. Broka hataki hivyo. Akavifuta udongo akaviweka mfukoni.

Sijui kwa nini nilichagua wakati huo. Labda kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kusema. Nikamwambia, Waru, kuhusu mazishi ya mathako. Nikaanza kueleza, pesa, kazi ya Thika, aibu. Nilieleza sana. Alinisikiliza mpaka mwisho akiangalia shamba.

"Ungekuja tu," akasema. "Ilinyesha. Lori la viti na hema lilikwama huko juu kwa barabara, halikuweza kuingia. Tukakosa watu wa kubeba. Mimi mwenyewe nilibeba viti siku ya kuzika mamangu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya.

Nimefikiria hivyo viti kuliko kitu chochote mwaka huu. Mimi nilikuwa nahesabu 500 zangu na za watu wengine, na yeye alikuwa anahesabu mikono. Miaka hiyo yote nilidhani kule nyumbani kuna daftari, limeandikwa nani ameleta nini. Labda liko, kwa watu wengine. Sijifanyi ati kila nyumba ni tamu. Kuna watu ushago kwao ni kelele za shamba na mjomba mlevi, na kama hurudi una sababu zako, sitakuingilia. Naongea na wewe mwenye sababu kama yangu.

Hatukukumbatiana wala nini. Tulipanda tukanywa chai kwake, akatupa vile vya ukubwa wa ndimu kwa sufuria bila kumenya, tukala na chumvi. Nilienda pia mahali mamake amelala, peke yangu, kuna nyasi sasa. Nikavuta magugu kidogo kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Niliongeza siku mbili ambazo sikuwa nimepanga. Tulimaliza shamba la juu. Kuna jamaa wengine wa darasa letu walipita jioni, mmoja ana boda, mmoja ana duka la dawa ya mifugo, na yule dada aliyekuwa namba moja kila muhula sasa anafundisha hiyo hiyo shule. Walinicheka vile nashika jembe. Hakuna aliyeniuliza kuhusu wafuasi, na sina uhakika kama walijua ninao.

Nikiondoka Waru alinipa viazi nusu gunia. Nikakataa, akasema vitaota hapa vikioza, nisilete maringo. Nilimwomba kitu kimoja: awe anapitia kwa shosho jioni aangalie jiko liko wapi. Ni njia yake akitoka shamba.

Vile viazi vilianza kuota wiki ya tatu, chini ya kitanda changu hapa Roysambu. Nimegawia jirani, nimegawia mama wa kibanda, bado viko. Na Jumapili shosho alinipigia simu kwa sauti ya juu, vile hupiga, kama anapigia mtu aliye ng'ambo ya mto. Ati nimemwekea polisi. Ati huyu kijana anakuja kila siku, anafungua madirisha yake, halafu anakaa kwa kiti cha guka anamaliza chai.

Nikasikia mtu nyuma yake anacheka na kikombe mdomoni.