Nilisema super inatosha. Ile video nimeitoa, na sababu ni hii

Mwisho wa 2023 niliweka video nikiwa nimeegemea Forester yangu pale Makutano, Meru. Hoja ilikuwa simple: Wamarekani premium yao ni 91, sisi super yetu ya kawaida ni 93, kwa hivyo Mkenya anayelipia mafuta ya bei kali anajishow tu. Ni wakati petroli ilikuwa imevuka 200 kwa lita, kila mtu ana hasira, so video ilienda. Watu walinitumia picha za risiti zao za super. Nilijiona profesa, na mimi chuo niliachia third year.

Nimeitoa. Kama uliiona na una gari ya turbo, tafadhali soma hii yote.

Kwanza hiyo gari. Ni Forester ya turbo, lita 2.0, ya zamani, imepitia mikono mingi kabla inifikie. Nusu ya bei ilitoka kwa content. Nusu nyingine ilikuwa fee. Mathe alikuwa ameshakopa sacco anilipie third year nilipomwambia sirudi. Badala ya kumrudishia, nilimshawishi: Mum, nikiwa na gari nitashoot harusi na ruracio kuanzia Meru mpaka Embu, nitalipa hiyo loan mwenyewe. Akasema sawa. Hakuongeza neno, na mnajua mama akinyamaza hivyo ni afadhali angepiga kelele.

Ukifungua kifuniko cha tenki la hiyo ndai kuna stika ya Kijapani. Niliiona kila nikijaza na sikuwahi kujiuliza inasema nini. Siku moja nikaielekezea simu, ikatafsiri: petroli ya premium isiyo na risasi. Nikasema hao ni Wajapani na mambo yao. Tenki ni lita 60, na tofauti ya bei mahali nilikuwa najaza ilikuwa kama shilingi ishirini kwa lita. Hiyo ni thao na mia mbili kila nikijaza. Hapana.

Halafu siku ya Nithi. Tunatoka Meru kwenda shoot ya Embu, watu wanne ndani, spika na stendi za taa nyuma, jua kali. Mnajua ile barabara, unashuka mpaka darajani halafu unapanda kuelekea Chuka. Nikiwa kwa mlima, mguu chini, nikasikia sauti kama kokoto zinatikiswa kwa sufuria. Beshte yangu akauliza, "Hiyo ni nini?" Nikaongeza mziki.

Kusema ukweli haikuwa mara ya kwanza kuisikia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kuisikia.

Tukafika Runyenjes nyuma kuna moshi wa bluu na gari haina nguvu hata ya kuovertake Probox. Embu tuliingia polepole, hazard zikiwaka.

Fundi aliyenihudumia ni mzee mpole, haringi. Alipima compression silinda moja moja. Ya nne ilikuwa imekufa. Alipofungua injini akanionyesha pistoni: pale ring zinakaa, kipande kimevunjika. Akaniuliza, "Kijana, unaweka mafuta gani?" Nikamwambia super, na nikaanza kumpa ile hesabu yangu ya 91 na 93. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hao Wamarekani hawapimi kama sisi."

Hapo ndipo nilianza kusoma, kitu ambacho ningefanya kabla ya kuwasha kamera. Ile namba ya pampu ya Marekani ni wastani wa vipimo viwili, RON na MON, na MON huwa ya chini. Sisi na Wajapani tunatumia RON peke yake. Hiyo 91 yao ukiigeuza iwe RON inakuja kama 95 au 96. Super yetu, kiwango cha chini ni 93. Japani regular inaanzia 89 na premium 96. Kwa hivyo super ya Kenya inashinda regular ya Japani, lakini haifikii premium yao. Nilikuwa nimelinganisha kilo na ratili.

Na okteni si nguvu, hii pia nilikuwa nawadanganya. Ni vile petroli inavumilia kukandamizwa bila kujiwasha yenyewe kabla ya wakati. Turbo inasukuma hewa nyingi ndani, presha na joto vinapanda, na mafuta yasiyovumilia yanalipuka ovyo. Ile sauti ya kokoto ndiyo hiyo. Gari ina sensa inayosikia huo mgongano na kompyuta inachelewesha cheche, ndiyo maana unaweza kuendesha miezi ukidhani uko sawa. Unachopoteza ni nguvu kidogo na mafuta zaidi. Lakini sensa ina mwisho wake. Yangu, mwenye wa kwanza alikuwa ameongeza presha ya turbo, na oil nilikuwa nimeiacha ishuke. Fundi alikataa kuilaumu petroli peke yake. Alisema super na mguu mpole pengine ingenifikisha mbali, ila mlima, mzigo, oil na hiyo turbo vilikutana siku moja.

Najua kuna msee atasema Meru na Embu ziko juu, hewa ni nyembamba, okteni ya chini inatosha. Kwa injini isiyo na turbo ana pointi. Turbo kazi yake ni kurudisha hewa hiyo hiyo.

Sasa msinielewe vibaya. Kama una Vitz, Fielder, Probox, na stika inasema regular, weka super ulale. Premium hapo ni kuchoma pesa, hiyo sehemu ya video bado naisimamia. Na jina la kuvutia kwa pampu si lazima liwe okteni. Mafuta mengine yameongezwa tu dawa ya kusafisha injini. Uliza RON ni ngapi. Attendant asipojua, mwite meneja, usione aibu.

Injini nyingine ya ex-Japan pamoja na kazi ilinila one-fifty. Hiyo ni tofauti ya shilingi ishirini kwa matenki mia moja na ishirini na tano, nimepiga hesabu mara nyingi usiku. Loan ya sacco ikasimama miezi minne. Nilipomwambia mathe, aliuliza kama kuna mtu aliumia pale Nithi. Nikasema hapana. Akaniambia nile, chakula kinapoa.

Jamaa watatu wamenitext kwamba turbo zao zinapiga hiyo sauti tangu wanifuate. Mmoja yuko Nkubu. Nimemwambia aache kukanyaga kwa mlima, aangalie oil leo, na Jumamosi naenda naye Embu kwa yule mzee. Kupima compression nalipa mimi.