Ugumu wa Lugha Hutoka Wapi?

Lugha haiwi ngumu kwa watu wote kwa kiasi kimoja. Robert Lado, katika kitabu chake Linguistics Across Cultures cha mwaka 1957, alieleza kuwa yale yanayofanana na lugha ya mwanafunzi humwia mepesi, na yaliyo tofauti humwia magumu. Jambo hilo nililisoma chuoni. Nililiona kwa macho katika masomo ya jioni ya mazungumzo ya Kihispania mjini London, nilipoketi pamoja na Waingereza waliotaka kujua kusalimu, kununua vitu na kuuliza njia.

Wenzangu hawakuwa wavivu. Walikariri maneno mengi kunishinda. Lakini Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa wazi kama zetu. Mwingereza amezoea kuififisha irabu isiyotiwa mkazo; basi neno casa, yaani nyumba, liliwatoka bila mwisho ulio dhahiri.

Vitenzi navyo viliwasumbua. Hablo ni "nasema", hablamos ni "twasema". Mtendaji yumo ndani ya kitenzi. Kiingereza hudai atajwe peke yake, kwa hiyo wao walitanguliza yo, "mimi", kila mara. Kadhalika libro blanco huwa libros blancos, kama kitabu cheupe kiwavyo vitabu vyeupe. Katika Kiingereza sifa haibadiliki. Hata me gusta el café, walioiona ya ajabu, kwetu ni "kahawa yanipendeza" tu.

Hapo nilipita bila taabu, wala si kwa wingi wa akili: Kiswahili kilikuwa kimekwisha kunifunza. Zamu yangu ya kutaabika ilifika tulipoambiwa kuwa meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume.

Mwalimu wetu aliyatambua hayo. Waingereza aliwapa mazoezi mafupi ya irabu kila tulipoanza somo. Mimi alinitaka nijifunze kila jina pamoja na kitangulizi chake, la mesa, el libro, mpaka ulimi ukazoea kuyatamka pamoja.

Nawe mwanachuo, utakapokabidhiwa darasa, huenda ukamkuta mtoto asemaye "kura" pale utakapo "kula". Kabla hujamhesabu kuwa mzito, uliza nyumbani kwao husemwa lugha gani, na kama lugha hiyo huzitenga sauti hizo mbili. Kisha mwandalie jozi za maneno: kalamu na karamu, hali na hari. Kwanza asikilize na kuonyesha ni lipi ulilolitamka. Baadaye atamke mwenyewe. Fimbo na kicheko cha darasa havitamsaidia, maana sikio lake bado halijaisikia tofauti. Dakika tano kila siku zatosha kwa kuanzia.