Kabla ya Kutoa, Tukubali Kupimwa



Kijana mmoja wa jumuiya yetu ya Mutarule, ambaye sasa amepewa makao Marekani, alituandikia barua yenye uchungu. Parokia yake mpya iliwaalika waamini kutoa damu. Alijitokeza kwa furaha, akaambiwa kwamba aliyeishi katika nchi ya malaria hana budi kungoja miaka 3 tangu alipohamia huko. “Hata damu yetu wanaiogopa,” aliandika. Tuliisoma barua hiyo baada ya Misa, nasi tukaudhika pamoja naye.

Hasira ilipotulia, tulijiuliza sababu ya katazo hilo. Sisi tuliozaliwa katika bonde la Ruzizi, kati ya mashamba ya mpunga na mbu wake, tumeumwa malaria tangu utoto. Mwili umejifunza kuvumilia: mtu mzima aweza kulima siku nzima akiwa na vimelea katika damu, wala asihisi homa. Aina mojawapo ya vimelea hivyo huweza kukaa mwilini makumi ya miaka. Vikimwingia mgonjwa ambaye hajawahi kuumwa malaria, naye daktari wake hana desturi ya kuushuku ugonjwa huo, vyaweza kumwua. Ndiyo maana Uingereza hupima kingamwili za malaria kwa waliokulia katika nchi kama zetu. Nayo Hispania huwapima waliozaliwa Amerika ya Kusini ugonjwa wa Chagas, unaoletwa na kimelea kingine. Hakuna anayehukumiwa, analindwa yule aliyelala kitandani.

Kwetu hali ni nyingine. Kama kila mwenye vimelea angekataliwa, nani angebaki wa kumpa damu mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria? Basi damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kuhusu malaria, mtoaji huulizwa kama amekuwa na homa. Ulinzi huo wategemea ukweli wa kinywa chake.

Hapo ndipo barua ilipotuchoma. Mutarule yaijua damu iliyomwagwa. Usiku mmoja wa Juni 2014, ndugu zetu wasiopungua 30 waliuawa, baadhi yao wakiwa katika ibada. Tangu siku hizo, kutoa damu ili mtu aishi limekuwa kwetu tendo takatifu, wala hakuna aliyependa kukataliwa. Miaka kadhaa baadaye, sisi makatekista tuliitwa kumsaidia mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Muuguzi aliuliza kama kati yetu yupo aliyekuwa na homa juma lile. Mmoja wetu alikuwa ameinuka kitandani siku mbili tu kabla. Alijibu kwamba hayupo. Sisi wengine tulijua, tukanyamaza.

Mama alipata nafuu, lakini siku ya kumi alishikwa na homa kali. Alitibiwa, akapona. Je, aliumwa na mbu, au tulimwambukiza sisi? Swali hilo tunalibeba hadi leo, na hatujathubutu kumwuliza mama huyo msamaha.

Kila mwaka tunawafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza onyo la Mtakatifu Paulo kwa Wakorintho, kwamba mtu ajichunguze kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana. Sisi walimu tulisahau kwamba zawadi nayo huchunguzwa. Tulitaka kuonekana wakarimu, na tamaa hiyo ilitupita kuliko afya ya mgonjwa.

Tumemjibu kijana wetu: ngoja miaka hiyo kwa amani, kungoja kwako nako ni kutoa. Nasi tumepatana kwamba muuguzi akituuliza tena, tutasema kweli mbele ya wote, na atakayekataliwa atamchotea mgonjwa maji na kumpikia uji. Juma hili wawili wetu watakwenda kwa mama yule.

Ee Yezu, uliyemwaga Damu yako safi kwa ajili yetu, utujalie ukweli kabla ya ukarimu, na unyenyekevu wa kukubali kukataliwa. Amina.